Kizimba cha usalama kwenye gari dogo: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Kizimba cha usalama, ambacho mafundi wengi tunakiita rolikeji, ni fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari ili paa lisimfikie dereva gari likibiringika. Kwenye gari la mashindano tu, kazi yake inaeleweka. Taabu huanza pale mtu anapotaka gari lile lile limpeleke kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi. Malalamiko yanayonijia yanafanana: kelele zisizokoma, milango iliyokataa kufunga, nyufa sakafuni, taa ya mfuko wa hewa isiyozimika. Mengi nikiyafuatilia yanaishia mahali pamoja, miguuni, pale bomba linapokutana na bati la gari. Wenye magari hukagua mabomba ya juu kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Mimi huanza chini.

Tatizo moja kubwa halianzii chini, nalo nimeliweka mbele kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu kwenye ajali ndogo ya barabarani.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Tao kuu ni bomba lililokunjwa nyuma ya viti vya mbele, linatoka sakafuni upande mmoja, linapita chini ya paa na kushuka upande wa pili. Tao la mbele hufuata nguzo za kioo cha mbele. Mihimili ya nyuma hutoka juu ya tao kuu na kushuka kuelekea kuba za shokomzoba za nyuma. Mshazari ni bomba linalokata tao kuu kutoka kona moja hadi nyingine. Unyayo ni bati lililochomelewa mwishoni mwa bomba, na chini yake kuna bati la kuimarisha linalokaa kwenye sakafu.

Jambo la mwisho kabla ya kushika spana: tazama kama kizimba chako kina kibandiko au namba ya uthibitisho ya mtengenezaji. Kikiwa nacho, usikitoboe, usikichomelee kitu, usikate hata kipande. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinakataza kubadilisha kizimba kilichothibitishwa, na tundu moja la skrubu linatosha kukifanya kikataliwe.

Dalili: kichwa kinagusa bomba, au kinalikaribia

Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, funga mkanda, kisha mwombe mtu akusukume kichwa taratibu kulia, kushoto na nyuma. Bomba lolote lililo ndani ya shubiri moja kutoka kwenye kichwa chako lichukulie kuwa litagongwa. Katika ajali mkanda hunyooka, kiti hupinda na shingo hurefuka. Nafasi unayoiona gari likiwa limesimama haitakuwepo.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kiti kilicho juu mno. Reli za kiti cha kiwandani, juu yake kiti cha mashindano na vyuma vyake vya pembeni, vinaweza kumpandisha dereva hadi akalale na kichwa kwenye dari. Shusha kiti kwanza. Mara nyingi sentimita tatu au nne zinapatikana bila kugusa bomba.

Chanzo cha pili ni tao lililokunjwa likakaa mbali na bodi. Kwenye gari dogo kila sentimita ina thamani, na tao linaloacha pengo kati yake na nguzo ya mlango linakuwa limeingia upande wa kichwa chako. Hili halina dawa ya sponji. Ni tao la kutengenezwa upya.

Chanzo cha tatu si kosa la mtu: gari lenyewe ni dogo. Tao la mbele lazima lipite karibu na paji la uso la dereva, na hakuna ufundi utakaolihamisha.

Sasa sponji. Ile laini inayouzwa kufunikia mabomba ya maji haifai kabisa. Ukiibonyeza kwa kidole inagusa chuma, na ikishika moto inayeyuka. Mahali ambapo helmeti inaweza kugonga, FIA inataka sponji ngumu ya kiwango 8857-2001 aina A. Lakini soma neno hilo tena: helmeti. Sponji hiyo inapimwa kwa kazi ya kichwa kilichovaa helmeti. Kichwa kitupu kikigonga bomba lenye sponji hiyo kwa kasi ya barabara ya mjini bado kinaweza kuumia vibaya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sijaubadilisha kwa mteja yeyote: gari linalotembea barabarani bila helmeti lisiwe na tao la mbele. Funga nusu kizimba, yaani tao kuu, mshazari na mihimili ya nyuma, vyote nyuma ya viti. Hata hapo hakikisha mgongo wa kiti na egemeo la kichwa viko kati yako na tao, maana gari likigongwa nyuma kiti huinama na kichwa hufuata. Viti vya nyuma viondolewe. Abiria wa nyuma, hasa mtoto, anakuwa ameketi akitazamana na bomba la chuma, na hakuna safari fupi kiasi cha kuhalalisha hilo.

Acha kuendesha barabarani na umwone mtengenezaji wa vizimba kama bomba linapita mbele au pembeni ya kichwa chako na huna njia ya kushusha kiti. Uliza pia bima yako na mamlaka ya usajili wa magari kabla ya kufunga, si baada. Mahali pengi kizimba kinahesabiwa kuwa badiliko la muundo wa gari.

Dalili: mikanda inabana mabega au inateleza

Mikanda ya mashindano ya pointi nne au sita ikifungwa kwenye bomba la mikanda, yaani bomba la mlalo lililo nyuma ya viti, kosa la kwanza kutafuta ni pembe. Kamba za mabega zitoke begani kwenda nyuma zikiwa karibu na usawa. FIA inapendekeza zisishuke zaidi ya nyuzi 10 chini ya mlalo, na inakataza kabisa kuzidi nyuzi 45. Zikifungwa sakafuni nyuma ya kiti, ajali ya mbele huzivuta chini na uti wa mgongo ndio unaobeba mzigo.

Kamba zikiteleza upande, bomba la mikanda halina vizuizi vya pembeni, au zimezungushwa vibaya kwenye kifungo. Zifungue na uzirudie kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji.

Barabarani tumia mkanda wa kiwandani wa pointi tatu kwenye kiti kinachokubaliana nao. Na usifunge mikanda ya pointi sita kwenye gari lisilo na kizimba: paa likishuka, mikanda itakushikilia wima chini yake, wakati mkanda wa kawaida ungekuachia nafasi ya kuinama.

Dalili: tao haliingii, au likiingia linakaa upande

Pima gari kabla ya kulilaumu bomba. Toa dari, zulia, plastiki za nguzo na lami yote ya kuzuia kelele pale nyayo zinapokaa. Nimeona tao zuri likikatwa miguu kwa sababu lilikuwa limekalia zulia upande mmoja na chuma kitupu upande wa pili.

Bado haliingii? Angalia kama gari liko sawa. Weka pimamaji kwenye vizingiti vya milango, kisha pima mshazari wa kila uwazi wa mlango, kona hadi kona, na ulinganishe kulia na kushoto. Tofauti ya milimita chache hutokea hata kwa gari zima. Tofauti kubwa ni dalili ya ajali ya zamani iliyonyooshwa kwa haraka, na kizimba chochote utakachochomelea humo kitaufanya upindo huo kuwa wa kudumu. Gari hilo liende kwanza kwenye mashine ya kunyoosha bodi.

Kinachobaki ni kona za bomba zenyewe. Shusha timazi kutoka katikati ya tao na upime kila mguu. Tao lililokunjwa vibaya hujipinda kama pedali ya baiskeli, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukilibana kwa jeki hadi likae, utakuwa umelichomelea likiwa na mkazo, na mkazo huo utatokea siku nyingine kwa sura ya ufa.

Dalili: kona ya bomba imefinyika au ina makunyanzi

Kona lazima iwe na nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba, kikipimwa kwenye mstari wa kati wa bomba. Bomba la milimita 45 linahitaji milimita 135 au zaidi. Kisha pima upana wa bomba kwenye kona kwa kalipa, mara mbili: upande mwembamba gawanya kwa upande mnene. Jibu likiwa chini ya 0.9, kona hiyo imelala kupita kiasi.

Sababu ya mara kwa mara ni mashine ya kukunjia mabomba ya maji, ile ya jeki inayosukuma katikati. Haishiki bomba kuta zote, kwa hiyo linafinyika. Sababu nyingine ni kupasha moto ili likunjike kirahisi. Sababu ya tatu ni bomba lenyewe kuwa jembamba.

Hapa hakuna matengenezo. Bomba lililofinyika limeshaonyesha mahali litakapovunjika. Lisichomelewe kiraka, lisijazwe, lisinyooshwe.

Kuhusu bomba linalofaa: FIA inataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, chenye nguvu ya mvuto isiyopungua nyutoni 350 kwa milimita mraba. Tao kuu liwe milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lenye zinki halimo humo hata kama ni nene na zito: lina mshono, na zinki yake inaharibu weldingi na kutoa moshi unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule.

Dalili: mishono ya juu haijazunguka bomba

Hili ni kosa linalofichwa na rangi kuliko yote. Bomba likikaa karibu na paa, tochi ya weldingi haifiki upande wa juu, basi fundi anachomelea anapofikia na kuacha kilichobaki. Chukua kioo kidogo na tochi, pitisha juu ya kila kiungo. Pasipoonekana, pitisha kidole. Mshono ukikatika ghafla na ukahisi mfereji kati ya bomba na bomba, kiungo hicho kimeshikwa nusu.

Mshono lazima uzunguke bomba lote. Njia ya kufika juu ni kukijenga kizimba juu ya visanduku vya chuma vilivyokaa sakafuni. Kizimba kishikizwe kwa nukta, yaani vidoa vidogo vya weldingi, kikiwa kwenye urefu wake kamili, kisha visanduku vitolewe. Kizimba kizima kinashuka kwa kimo cha kisanduku, paa linabaki mbali, unachomelea juu kwa raha, halafu unakipandisha tena na kuvichomelea visanduku. Visanduku hivyo pia vinasambaza mzigo kutoka sakafuni hadi kwenye kizingiti cha mlango, kwa hiyo kazi moja inaleta faida mbili.

Tazama pia midomo ya mabomba kabla ya weldingi kuifunika. Bomba linalokutana na lenzake likatwe duara, lilikumbatie bila mwanga kupita. Pengo lililojazwa kwa weldingi linaonekana kama mshono mnene, lakini ndani ni uwazi.

Usijifundishie weldingi kwenye kizimba. Kama huwezi kuchomelea vipande viwili vya bomba lile lile, ukavikata katikati na kuona chuma kimeyeyukia kote, mwite mchomeleaji aliyehitimu. Kwa bomba la kromoli, yaani chuma chenye kromiamu na molibdeni, usijaribu kabisa bila mtu anayelijua: sehemu iliyo kando ya mshono ikipoa haraka inakuwa ngumu na kukatika kama glasi.

Dalili: milango haifungi vizuri, au kioo cha mbele kimepasuka baada ya kuchomelea

Chuma kikipoa hujivuta. Ukimaliza upande wa kulia wote kabla ya kugusa wa kushoto, bodi nyepesi ya gari dogo inavutwa nayo, na utaisikia siku mlango utakapokataa kitasa.

Angalia rahisi kwanza: bomba la mlangoni au sponji yake inagusa plastiki ya mlango? Hiyo peke yake inazuia mlango kufunga, na nimeshuhudia bawaba zikikunjwa bure kwa sababu ya plastiki. Ifuate nafasi kati ya mlango na bodi. Ikiwa sawa juu na chini lakini mlango ni mgumu, rekebisha kifungio. Ikiwa nyembamba juu na pana chini, uwazi wa mlango umebadilika umbo.

Uwazi hubadilika umbo kwa sababu tatu, na nimezikuta kwa mpangilio huu: gari lilichomelewa likiwa juu ya jeki mbili katikati, uzito wa injini ukiinamisha pua; milango ilitolewa na haikurudishwa kupimwa kati ya hatua; mishono mirefu ilipigwa kwa mkupuo. Gari likae kwa magurudumu yake au kwenye stendi zilizowekwa chini ya suspensheni. Shikiza kizimba chote kwa nukta, funga milango, pima. Halafu chomelea vipande vifupi ukihama kona hadi kona, na ufunge milango tena kila baada ya viungo vichache.

Kioo cha mbele hupasuka kwa joto la weldingi kwenye nguzo, au huota madoa ya cheche ambayo hayafutiki kwa maisha. Kama utachomelea bati la kuunga tao na nguzo, toa kioo. Blanketi la weldingi hulinda dhidi ya cheche, halizuii joto linalopita ndani ya chuma.

Upindo uliokwisha kuchomelewa ni kazi ya mtu mwenye meza ya kupimia bodi. Kukata kiungo ili kuachia mkazo kunawezekana, ila asiyejua ni kipi kinachobeba mkazo atakata kisichohusika.

Dalili: kelele barabarani

Gari la uwanjani hupiga kelele na hakuna anayejali. La barabarani hukusemesha kila tuta. Mwombe mtu alitikise gari huku wewe ukiwa umeshika mabomba moja moja. Mkono unasikia kabla ya sikio.

Kizimba cha kufunga kwa bolti kikilia, shuku lami ya kuzuia kelele au rangi nene iliyobaki chini ya nyayo. Inajibana polepole kwa wiki chache na bolti zinabaki zimelegea ingawa zilikazwa vizuri siku ya kwanza. Kukaza tena kunanyamazisha kwa muda tu. Fungua unyayo, safisha hadi chuma, paka praima nyembamba, rudisha kwa nati mpya za kujifunga. Kila unyayo wa tao unahitaji bolti zisizopungua 3 za M8 (kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8, na bati la kuimarisha upande wa pili wa sakafu. Bolti kavu ya M8 ya daraja hilo hukazwa kwa takribani Nm 25. Usizidishe, utanyoosha bolti na kulibonyeza bati la sakafu.

Kelele ya kwikwi unapopanda ukingo kwa gurudumu moja kwa kawaida ni bomba linalosugua dashibodi au plastiki ya nguzo. Kata plastiki iachane na bomba kwa milimita 10 hivi.

Kelele ya mlio mkavu, kama kijiti kinachokatika, inayorudi mahali pale pale: usiifunike kwa sponji. Nenda sehemu inayofuata.

Dalili: ufa kwenye unyayo, au rangi iliyopasuka yenye mstari wa kutu

Hapa ndipo kizimba kinapofia. Bomba linaweza kuwa bora, mishono ikawa ya kupendeza, lakini kama limesimama juu ya bati la sakafu lisilofika hata milimita moja, gari likibiringika tao linatoboa sakafu kama kijiko kwenye uji na paa linashuka vile vile.

Safisha kiungo kwa brashi ya waya, mulika kwa tochi iliyolazwa pembeni. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi mara nyingi ni ufa. Ukitaka uhakika, tumia rangi ya kupenyeza ya kukagulia nyufa: unaipaka, unaifuta, unapuliza poda, na ufa unajichora wenyewe.

Kwa niliyoyaona, bati la kuimarisha kuwa dogo ndiyo sababu ya kwanza. Kwa tao, bati liwe na eneo lisilopungua sentimita mraba 120 na unene wa milimita 3; kwa mihimili ya nyuma, sentimita mraba 60. Bati la sentimita 10 kwa 10 linaonekana kubwa mkononi lakini lina 100 tu. Na umbo lina maana: bati lililokunjwa likapanda ukutani mwa kizingiti linashinda bati bapa lenye eneo lile lile, kwa sababu linasukuma kwenye sanduku badala ya ngozi.

Ya pili ni kutu iliyokuwepo tayari. Gonga sakafu kwa nyundo ndogo kuuzunguka unyayo. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya udongo. Kata hadi ukute chuma safi, weka bati jipya, ndipo urudi kwenye kizimba.

Ya tatu ni weldingi iliyounguza bati jembamba kando ya bati nene. Moto uelekezwe zaidi kwenye bati nene, ukiliacha jembamba liyeyuke ukingoni tu. Ukiona mfereji mwembamba kandokando ya mshono, bati limepunguzwa unene na litakatika hapo hapo.

Ufa usipigwe weldingi juu yake. Toboa tundu dogo mwisho wake ili usitambae, saga mstari wote, kisha shughulikia sababu. Simamisha gari kabisa, barabarani na uwanjani, kama ufa uko kwenye bomba lenyewe, kama umefika nusu ya mzunguko wa unyayo, au kama kutu imeingia ndani ya kizingiti. Hizo ni kazi za fundi wa bodi mwenye uzoefu wa vizimba.

Dalili: taa ya mfuko wa hewa haizimi, gari haliwaki, au umeme unayumba

Uliza kwanza ni wapi waya wa ethi wa mashine ya weldingi ulibanwa. Ukibanwa mbali, mkondo unatafuta njia kupitia bodi, waya na kompyuta za gari. Kabla ya kuchomelea ondoa nyaya zote mbili za betri, chomoa kompyuta zilizo karibu, na bana ethi sentimita chache kutoka kwenye mshono.

Taa ya mfuko wa hewa mara nyingi husababishwa na plagi iliyo chini ya kiti iliyochomolewa kiti kilipobadilishwa. Usiidanganye kwa kipande cha waya. Mifuko ya pazia inayokaa kwenye ukingo wa paa ni shida kubwa zaidi: tao likipita mbele yake, mfuko utafumukia kwenye bomba. Gari lenye mifuko hiyo na kizimba kamili lizimwe mifuko hiyo kihalali na mtu aliyefunzwa, na kuanzia hapo lihesabiwe kuwa la uwanjani.

Usipime waya za njano za mifuko ya hewa kwa mita ya kawaida, na usichomelee karibu na mfuko au kivuta mkanda ambacho hakijatolewa. Vina baruti ndani.

Hatari mbili za weldingi ambazo watu hawazitarajii

Dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ikibaki kwenye bomba na kukutana na mwanga na joto la weldingi, hugeuka kuwa fosjini, gesi ya sumu kali. Madhara yake yanaweza kuchelewa saa kadhaa, hivyo kujisikia vizuri baada ya kukohoa si uthibitisho. Safisha kwa asetoni, iache ikauke kabisa, weka kopo mbali.

Na vizingiti vya magari mengi hujazwa povu kiwandani. Povu hilo, lami ya sakafu na waksi ya kuzuia kutu hushika moto upande usiouona. Toa tangi la mafuta na mabomba yake kama unachomelea nyuma, mweke mtu nje na kizimamoto akitazama chini ya gari, na usiondoke kwa nusu saa baada ya mshono wa mwisho.

Dalili: maji sakafuni

Bolti zinazopita sakafuni bila lakiri ya kuzibia. Zifungue moja moja, ziba, rudisha. Kama kizimba kimechomelewa, maji huingia kupitia upande wa chini wa sakafu ambako rangi iliungua na haikupakwa tena. Paka praima yenye zinki, kisha rangi ya chini ya gari, na ndani ya kizingiti nyunyiza waksi, baada ya kazi zote za moto kwisha.

Dalili: gari linapinda tofauti, linateleza nyuma au linarukaruka

Bodi imekuwa ngumu kuliko zamani, na hilo ni jema, ila sasa springi na shokomzoba zinafanya kazi ambayo awali bodi ilikuwa ikiisaidia kwa kujipinda. Kagua upepo wa matairi, halafu alaimenti, halafu ndipo ufikirie springi. Uzito nao unahesabika: bomba la 45 kwa 2.5 lina takribani kilo 2.6 kwa mita, la 40 kwa 2.0 takribani kilo 1.9. Mita nne za tao kuu na mita kumi na mbili za mengine zinakaribia kilo 33 bila nyayo, na sehemu kubwa iko juu ya kiuno cha gari. Legeza kidogo stabilaiza ya nyuma, ile fito inayozuia gari kuinama kwenye kona, kama inarekebishika, na badilisha kitu kimoja kila unapojaribu.

Dalili: mkaguzi amekataa kizimba, au gari limepata ajali

Mkaguzi akikataa, mwombe aandike kiungo na kanuni. Mihimili ya nyuma iliyosimama mno ni ya kawaida. Inatakiwa ilale angalau nyuzi 30 kutoka wima, na iwe imenyooka bila kona. Mshazari ukikosekana nao unarudisha magari mengi nyumbani. Vyote viwili hurekebishika kwenye kizimba cha kujitengenezea. Kwenye kilichothibitishwa, mrudie mtengenezaji.

Baada ya ajali, weka rula ndefu iliyonyooka juu ya kila bomba na uizungushe. Pima mishazari ya milango na ulinganishe na vipimo ulivyoandika siku ya kwanza. Bomba lililopinda, hata kidogo, linatolewa na kuwekwa jipya. Bomba lililonyooshwa limeshatumia uwezo wake wa kukunjika. Ikiwa tao kuu ndilo lililopinda, au unyayo wake umezama sakafuni, kizimba chote kinatoka ndani ya gari hilo.